Muhuri wa Ofisi Haukai Mfukoni mwa Fundi

Imezuka tabia katika ofisi zetu, shule zetu na vyama vyetu vya ushirika ambayo tusipoikemea mapema itatugharimu heshima na mali. Tabia yenyewe ni hii: taasisi inaamua kuwa na tovuti, inamwita kijana anayejua kompyuta, inampa fedha kidogo, kisha inamwachia kila kitu, tangu kuchagua jina mpaka kulisajili, kulilipia na kulitunza. Siku tovuti inapoonekana kwenye kioo cha simu watu wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza swali moja la msingi: jina hili limeandikwa kwa nani?

Hebu tujiulize. Ni mkuu gani wa shule, hapa Bariadi au penginepo katika Mkoa wa Simiyu, anayeweza kumpa muhuri wa shule fundi aliyekuja kutengeneza mlango, aende nao nyumbani kwake? Ni katibu gani wa chama cha msingi anayeweza kukubali hati ya ghala la pamba iandikwe kwa jina la mwashi aliyelijenga? Hayupo. Akipatikana, wanachama watamwondoa siku hiyo hiyo. Lakini jina la tovuti, ambalo leo ni muhuri, ni bango la mlangoni na ni sanduku la posta la taasisi kwa wakati mmoja, tunamkabidhi mpita njia bila hata karatasi ya makabidhiano.

Makala haya yanasema jambo moja tu, na yatalirudia mpaka lieleweke. Jina la tovuti ni mali ya taasisi. Kwa hiyo liandikwe kwa jina la taasisi, lilipwe na taasisi, na liwe na mtu mwenye cheo anayewajibika kwalo. Makosa mengine yote katika jambo hili ni watoto wa kosa hilo moja la kuiacha mali ya wengi katika mkono wa mmoja.

KILICHOIPATA SHULE MOJA

Si muda mrefu uliopita nilizungumza na mkuu wa shule moja ya sekondari ya mkoa huu. Shule sitaitaja, maana aibu yake ni ya wengi. Nilimkuta akisimamia kijana aliyekuwa akipaka chokaa ukuta wa langoni. Nilidhani shule inajiandaa kwa mahafali.

"Hapana, ndugu mwandishi," akaniambia. "Tunafuta anwani yetu."

Akanisimulia. Miaka michache nyuma wazazi na wahitimu wa shule hiyo walichanga fedha ili shule iwe na tovuti. Kijana mmoja, mhitimu wa hapo hapo, akajitolea kuitengeneza. Alichagua jina linaloishia na .com kwa kuwa, alisema, hilo ndilo la kimataifa. Akalisajili kwa jina lake, kwa barua pepe yake na kwa namba yake ya simu, akalipia mwaka mmoja. Shule ilifurahi sana. Anwani hiyo ikachapishwa kwenye barua rasmi na kwenye fomu za maelekezo ya kujiunga, ikaandikwa kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa langoni.

Baadaye kijana akapata kazi mbali na akabadili namba ya simu. Mwaka ukaisha. Taarifa za kumtaka alipie tena zilikwenda kwenye barua pepe aliyokuwa ameacha kuifungua. Jina likakoma, likafutwa, na mtu wa nchi nyingine kabisa, asiyejua Bariadi iko wapi duniani, akaliokota na kulisajili upya. Shule haikujua lolote mpaka mzazi mmoja alipopiga simu kuuliza kwa ukali kwa nini anwani iliyo kwenye fomu ya mwanawe inafungua ukurasa wa kamari.

"Ukuta tumeupaka chokaa," mkuu yule akaniambia. "Lakini fomu tulizokwisha kuzigawa tutazipaka nini?"

Swali hilo halina jibu. Fomu ziko mikononi mwa watu, na kila mzazi anayeifuata anwani ile anapelekwa kwenye kamari kwa saini na muhuri wa shule ya watoto wake.

Wapo watakaosema kijana yule ni mwovu. Mimi nasema hapana. Hakuiba chochote. Alifanya kazi aliyopewa, tena karibu bure, na akaenda zake kutafuta riziki kama kila kijana mwenye afya. Aliyekosa ni uongozi uliopokea tovuti bila kupokea hati yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari halikuwapo kabisa.

JINA HALINUNULIWI, LINAPANGISHWA

Sababu ya kwanza ya makosa haya ni kutojua jambo lenyewe lilivyo. Wengi hudhani kwamba jina la tovuti, ambalo wataalamu huliita jina la kikoa, hununuliwa mara moja kama meza au kabati. Sivyo. Jina hukodishwa kwa muda, mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha bila kulipiwa haki ya kulitumia inakoma. Mwenye kiwanja akishindwa kulipa kodi ya ardhi huandikiwa barua na kupewa nafasi. Jina la tovuti halina subira hiyo. Kwa majina ya .com, kwa mfano, msajili akishalifuta jina lililokoma, kuna siku 30 ambamo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa malipo ya ziada, kisha siku 5 za kungoja, na baada ya hapo jina liko huru kwa yeyote duniani atakayewahi. Ziko mashine zinazokesha zikingoja saa hiyo.

Jambo la pili la kulielewa ni kwamba kuna vitu vitatu tofauti ambavyo mafundi huviuza kwa bei moja na wakuu wetu huvinunua kama kitu kimoja. Kuna jina, yaani anwani. Kuna seva, yaani ghala ambamo kurasa zimehifadhiwa. Na kuna kazi ya kuzitengeneza kurasa zenyewe. Kurasa zikiharibika zitaandikwa upya. Ghala likiwa bovu, mzigo utahamishiwa ghala jingine. Lakini jina likipotea, kila barua, kila bango na kila kadi uliyokwisha kuitoa inampeleka mteja wako kwa mtu mwingine. Kwa hiyo, kati ya vitu hivyo vitatu, jina ambalo aghalabu gharama yake ni ndogo kuliko vyote ndilo ambalo hasara yake ni kubwa kuliko zote.

Jambo la tatu ni kwamba katika daftari la usajili haiangaliwi nani alitoa fedha, wala nani ana haki mbele ya wanakijiji. Jina hupewa aliyetangulia kuliomba, na mwenye jina ni yule aliyeandikwa. Ipo njia ya kudai jina mbele ya wapatanishi. Shirika la Kimataifa la Hakimiliki, WIPO, hushughulikia mashauri ya namna hiyo, na majina ya .tz yakiwamo. Lakini shauri lina ada, lina nyaraka na lina lugha ya wanasheria. Chama cha msingi cha wakulima wa pamba kitapata wapi fedha za kesi ya kudai kitu ambacho kingekilinda kwa mstari mmoja wa maandishi siku ya kwanza?

MIZANI YA MNUNUZI

Kama kuna watu katika nchi hii wasiopaswa kufundishwa somo hili na mgeni, ni watu wa Usukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba wa kanda hii, pamoja na wa Maswa ya wakati huo ambamo Bariadi ya leo ilikuwamo, alipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara na kuikuta mizani ni ya mnunuzi, mawe ya mizani ni ya mnunuzi na daftari ni la mnunuzi. Mkulima aliambiwa uzito wa jasho lake, hakuusoma mwenyewe. Aliibiwa mchana kweupe.

Wakulima wale hawakusema kwamba wao si wataalamu wa mizani. Walijiwekea wapimaji wao, wakajiundia vyama vyao vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani. Shirikisho hilo likaja kuwa moja ya vyombo vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Wengi wa waanzilishi wake hawakuwa na elimu ya juu. Walichokuwa nacho ni kuelewa kwamba anayeshika mizani na daftari ndiye anayeamua nani atashiba.

Wajukuu wa watu hao leo wana shahada. Wamo katika ofisi za halmashauri, wanafundisha shuleni, wanaendesha vyama vya msingi katika mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Je, inaingia akilini kwamba babu asiye na elimu ya darasani alidai kuiona mizani, na mjukuu mwenye shahada anaogopa kuuliza neno la siri liko wapi?

Thamani ya jina tunaijua. Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe Machi 2012, ukichukua jina la mto wake, umejitahidi kujitambulisha kwa kazi. Chaki za Maswa na maziwa ya Meatu vilianza kutajwa nje ya mkoa. Viwanja vya Nyakabindi vilipokea maonyesho ya Nanenane ya kitaifa tangu 2018 hadi 2020, na maelfu ya watu wakaijua Bariadi kwa mara ya kwanza. Jina zuri hujengwa kwa miaka, kwa jasho la wengi. Linaweza kuchukuliwa kwa usiku mmoja na mtu asiyetoka jasho hata tone.

Na yasisemwe kwamba maneno yetu hayana soko huko nje. Kampuni ya Disney ya Marekani iliomba mwaka 1994 kusajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na ikakubaliwa mwaka 2003. Watu wa Afrika Mashariki walikuja kupaza sauti kwa wingi mwaka 2018, miaka 15 baadaye. Alama ya biashara si jina la tovuti, lakini somo ni lile lile: daftari humjua aliyefika, halimjui aliyekuwa na haki ya kufika.

HATA NCHI HUSAHAU

Asije mtu akadhani kwamba balaa hili huwapata wanyonge tu. Jirani yetu Kongo alikaribia kupatwa na mkasa mkubwa. Majina yote ya nchi hiyo huishia na .cd, na ili mtu wa mahali popote ayapate, kompyuta yake huuliza kwanza seva chache zinazotunza orodha. Baadhi ya seva hizo zilikuwa zimepewa anwani iliyo chini ya jina scpt-network.com, la shirika la posta na simu la nchi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2020 jina hilo moja lilikoma bila kuhuishwa, likawekwa sokoni kama jina jingine lolote lililotupwa.

Bahati ya Kongo ni kwamba aliyeliona ni Fredrik Almroth, mtaalamu wa usalama wa mitandao kutoka Sweden. Alilisajili ili lisiangukie mikono mibaya, akawaarifu wahusika, na Januari 2021 akaueleza ulimwengu. Angelichukua mhalifu, angekuwa na uwezo wa kuelekeza anakotaka sehemu kubwa ya maombi ya kufungua tovuti za nchi nzima, pamoja na za benki na za ofisi za serikali. Nchi yenye watu mamilioni kwa mamilioni iliponea kwa wema wa mgeni mmoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika katika shajara yake kwamba jina fulani linaisha tarehe fulani.

Kama taifa laweza kusahau, shule ya kata haiwezi? Tofauti ni kwamba shule ya kata haitapata mtaalamu wa Sweden wa kuilinda.

KASUMBA YA .COM NA TAMAA YA BURE

Sasa tuzungumzie kasumba. Wapo wenzetu wanaoona kwamba jina linaloishia na .tz ni la kishamba, na kwamba heshima iko katika .com. Ukiwauliza kwa nini, hawana hoja ila kwamba "dunia nzima inatumia hilo." Sina ugomvi na .com kwa kampuni inayouza ng'ambo. Lakini shule ya sekondari ya Itilima, zahanati ya Busega na chama cha wafugaji cha Meatu wanajitambulisha kwa nani? Kwa wananchi wa Tanzania. Basi watumie jina la Tanzania.

Nalo jina la Tanzania tumelipata kwa safari. Kikoa cha .tz kilikabidhiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, na kwa miaka mingi kiliendeshwa kwa kujitolea, na msaada wa wataalamu wa ng'ambo ukiwamo. Novemba 2006 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa kushirikiana na chama cha watoa huduma za intaneti, ilianzisha chombo cha kukisimamia, tzNIC, na mwaka 2010 makabidhiano ya kimataifa yakakamilika. Daftari likarudi nyumbani. Ndani yake kila kundi lina chumba chake: go.tz kwa serikali, ac.tz kwa vyuo, sc.tz kwa shule, or.tz kwa mashirika yasiyo ya biashara, co.tz kwa biashara. Mzazi anayeona sc.tz anajua kwamba anasoma habari za shule kabla hata hajafungua ukurasa. Hiyo ni heshima ambayo .com haiwezi kutoa.

Serikali yenyewe imeonyesha njia. Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 kwa mpango mmoja, zote chini ya go.tz, ambako jina hupewa taasisi ya umma wala si mtu. Mkurugenzi anahamishwa, afisa TEHAMA anastaafu, jina linabaki. Huo ndio utaratibu. Ajabu ni kwamba mtumishi yule yule ambaye halmashauri yake ina jina la heshima namna hiyo utamkuta akiandika barua za kazi kwa anwani ya bure aliyoifungua mwenyewe kwenye simu. Siku akihama, mawasiliano ya ofisi yanahama naye, na anayemrithi anaanza upya kama kwamba ofisi imezaliwa jana.

Mbaya kuliko kasumba ni tamaa ya bure. Kwa miaka kadhaa kampuni moja ya Uholanzi, Freenom, iligawa bila malipo majina ya .tk, .ml, .ga na mengineyo, ambayo asili yake ni vikoa vya Tokelau, Mali, Gabon na nchi nyingine. Vijana wengi wakawaletea waajiri wao majina hayo kwa furaha. Bure hiyo ilikuwa na mwisho. Matapeli walijaa humo mpaka anwani za namna hiyo zikawa zinatiliwa shaka kila mahali. Kampuni ya Meta ikaishtaki Freenom mahakamani. Juni 2023 Gabon ilitwaa tena kikoa chake, na mamilioni ya majina ya bure yakafutwa. Februari 2024 Freenom ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Aliyejenga duka lake juu ya kiwanja cha bure aliamka akakuta kiwanja hakipo.

VISINGIZIO VITATU

Ninajua majibu nitakayoyapata, maana nimekwisha kuyasikia.

La kwanza ni kwamba sisi si wataalamu. Hili ni jibu la uvivu. Hakuna anayemtaka mwalimu wa historia atengeneze seva. Anatakiwa kujua jina la shule limeandikwa kwa nani na linaisha lini, kama anavyojua leseni ya pikipiki yake inaisha lini. Hilo halihitaji utaalamu, linahitaji kujali.

La pili ni kwamba hatuna fedha. Lakini taasisi ambayo haina ada ya mwaka ya jina ilipata wapi fedha za kuchapisha jina hilo hilo kwenye kalenda, fulana na mabango ya mahafali? Kama haina uwezo wa kulitunza jina, isilitangaze.

La tatu ndilo linalopendwa zaidi: tovuti ya nini siku hizi, ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp vinatosha. Vitumike, kwa kuwa huko ndiko wananchi waliko. Lakini tusidanganyane kwamba ni vyetu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi kwa hitilafu ya ndani ya kampuni yenyewe, na waliokuwa wamehamishia ofisi zao humo walikaa kimya mpaka mwenye nyumba aliporudisha taa. Mpangaji hana ufunguo wa chumba cha umeme. Anwani yako mwenyewe ndiyo mlango wako. Kurasa za wengine ziwe vibao vya kuelekeza watu mlangoni.

YANAYOTUPASA

Kulalamika peke yake hakujengi. Kila mkuu wa taasisi anayesoma makala haya, awe Mwanhuzi, Lagangabilili, Nyashimo, Maswa au hapa Bariadi mjini, na amwite anayehusika, na amwulize maswali matano.

Kwanza, jina letu limeandikwa kwa nani? Jibu likiwa ni jina la mtu badala ya jina la taasisi, kazi ya kulihamisha ianze leo wakati fundi bado yupo na moyo wake bado ni mweupe. Kwa majina mengi ya .com taarifa za mwenye jina zimefichwa tangu mwaka 2018, kwa hiyo usiridhike kwa kutoliona jina la mtu. Mtake fundi akuonyeshe kumbukumbu za msajili.

Pili, msajili wetu ni nani? Majina ya .tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Anayekuuzia jina bila kukutajia msajili anakuuzia kiwanja bila kukuonyesha mipaka. Stakabadhi itolewe kwa jina la taasisi na iwekwe katika jalada.

Tatu, taarifa za kuhuisha zinakwenda kwa nani? Ziende kwa anwani ya ofisi inayosomwa na watu wawili au zaidi. Na hapa pana mtego ambao hata wajanja huunasa: anwani hiyo isiwe chini ya jina lile lile linalolindwa. Jina likikoma, barua pepe zake nazo zinakufa, na onyo la kifo linatumwa kwa maiti.

Nne, linaisha lini? Tarehe iandikwe katika daftari la mali pamoja na magari na majengo, na iingizwe katika bajeti. Wenye uwezo walipie miaka kadhaa kwa mkupuo.

Tano, funguo ziko wapi? Maneno ya siri ya akaunti ya msajili yawekwe katika bahasha iliyofungwa, ndani ya kasha la fedha, na yatajwe katika hati ya makabidhiano kila kiongozi anapobadilika. Anayeondoka akishakabidhi, yabadilishwe.

Na kwa wanaochagua jina jipya ninaongeza neno moja. Jina liwe fupi, litamkike redioni na kueleweka bila kutamkwa herufi moja moja. Lisiwe na vistari, lisiwe kifupisho ambacho hata walimu wenyewe hawakijui, wala lisibebe jina la mkubwa aliyepo madarakani, maana wakubwa hupita. Kabla ya kuliandika ukutani, lisajiliwe kwanza. Wapo waliolitangaza jina mkutanoni asubuhi, wakaenda kulisajili wiki iliyofuata na kukuta limekwisha kuchukuliwa.

Lakini lawama zisiishie kwa walio chini. Wenye dhamana ya majina haya nao wana deni. Elimu ya .tz haipaswi kuishia katika kumbi za Dar es Salaam na Dodoma. Masharti ya usajili yaandikwe kwa Kiswahili ambacho katibu wa chama cha msingi atakielewa. Maafisa ushirika na maafisa elimu wapewe maarifa haya, ili wanapokagua vitabu vya chama au vya shule wakague na jina lake. Mkaguzi anayehesabu majembe na madawati akaliacha jina amekagua ghala akausahau mlango.

Siku ile nilipoondoka shuleni, ukuta ulikuwa umekwisha kukauka. Chini ya chokaa, kwa mbali, herufi za buluu bado zilionekana. Mkuu wa shule alinionyesha karatasi iliyokuwa mezani kwake: ombi la jina jipya, chini ya sc.tz, lililoandikwa kwa jina la shule, na nafasi mbili za saini, yake na ya mhasibu.

"Hili hata mimi nikihamishwa kesho," akasema, "litabaki hapa."

Hilo ndilo tunalolitaka. Shime, wakuu wa shule, makatibu na watumishi wa umma: kabla jua la leo halijatua, ulizeni muhuri wenu uko mfukoni mwa nani.